Nilimwambia siri mlango ukiwa umefungwa, leo kaigeuza hoja ya maombi mbele ya chuo kizima!

Mshumaa_Kona (mleta mada)

Wapendwa, mtanisamehe, leo sina salamu. Mikono inatetemeka na muda wa simu unakaribia kuisha.

Yule mtu. Hamna haja niwatajie. Kila aliyewahi kuishi chuo cha uanafunzi, nyumba ya malezi, jumuiya yoyote ya ratiba ukutani na kengele mlangoni, anamjua. Yule wa "ofisi yangu iko wazi kwa kila mtu." Yule ambaye ukimweleza jambo anafumba macho, anainamisha kichwa, anaguna "mmh, mmh," mpaka unajikuta umemwaga hata yale ambayo hukukusudia kumwambia kiumbe. Huyo huyo.

Niliingia kwake. Mlango kaufunga MWENYEWE. Nikamwambia ukweli: siku hizi nikiomba naona kama naongea na ukuta. Basi. Sikuiba, sikutoroka bweni, sikumtukana mtu. Lakini kwa mtu aliyeacha kazi na ndugu zake akaja kufundishwa kuomba, hilo ni neno zito, ndiyo maana nikaenda kulisema faraghani. Akanishika bega, akasema, "Hili litabaki kati yetu na Bwana."

Leo ibada ya alfajiri, giza bado nje, tumepiga magoti wote. Anaongoza yeye. Anaombea mataifa, anaombea wagonjwa, anaombea paa linalovuja. Mara sauti ikashuka, ile sauti yake ya kubembeleza. "Baba, mkumbuke na binti yako, mstari wa tatu, mwenye sweta la kijani, ambaye ameniambia kwamba akiomba anaona kama anaongea na ukuta."

MWENYE SWETA LA KIJANI!

Ukumbi mzima sweta la kijani lilikuwa moja. Mungu aliyehesabu nywele zote za kichwa changu, Mathayo 10:30, leo anaelekezwa mstari na rangi ya nguo? Asingenipata? Angepapasa mstari wa nne akanikosa?

Na watu wakasema amina. Ilikuwa amina ndefu kuliko amina zote tangu kanisa lianze. Nilifumba macho, lakini nilisikia magoti yakigeuka. Mtu wa mstari wa kwanza, ambaye shingo yake sijawahi kuiona ikicheza, aligeuka kutafuta kijani.

Baada ya hapo nina zamu ya vyombo. Nimeshika sufuria kubwa, masizi mpaka kwenye viwiko. Dada mmoja anaacha sahani zake, anakuja kuniwekea mikono kichwani, mikono ina povu, anaanza kukemea roho ya ukavu. Povu linanishuka kwenye nyusi, linaingia machoni. Kujifuta siwezi, nina masizi. Kuondoka siwezi, anaomba. Nimesimama pale nalia kwa sababu ya sabuni, na yeye anapaza sauti, "Machozi, Bwana, machozi yameanza!" Wakaja wengine wawili.

Mpaka mchana nimewekewa mikono na taifa zima. Watu ambao hawajawahi kunisalimu wananisukumia vikaratasi vyenye mistari ya Biblia chini ya mlango. Paka wa jikoni ananitazama kwa huruma. Kuna kijana tukapishana kwenye ngazi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Ukuta unaendeleaje?"

Nikamfuata yule mtu. Mnajua alichonijibu? "Mpendwa, mimi sijamwambia mtu. Nimemwambia Bwana."

KWA KIPAZA SAUTI!

Mathayo 6:6 inasema uingie chumbani mwako ufunge mlango. Mlango tulifunga. Aliyekwenda kuufungua ukumbini ni nani? Mathayo 18:15 inasema hata ndugu akikukosea, uende mkaongee wewe na yeye peke yenu. Mimi sikumkosea mtu, na bado nimeanikwa. Huyu mtu hana kifua. Siku nikimwambia naumwa jino ataomba na kutaja ni la ngapi kutoka kushoto.

Sitaki ushauri. Nataka mtu mmoja tu aniambie kwamba hili si sawa.

---

Kengele_Kwanza

Nimecheka mpaka mlezi wa bweni kaja kugonga mlango. "Anaombea paa linalovuja"! Pole sana dada. Ila swali la msingi hujalijibu: ukuta ulisemaje?

---

Ndugu_Ratiba

Mleta mada una kiburi, na kiburi ndicho ulichopelekwa huko kikatolewe. Yakobo 5:16, ungamianeni dhambi zenu ninyi kwa ninyi na kuombeana. Umeombewa na watu wote bure, unakuja kulalamika. Wengine tunatamani hata mtu mmoja atutaje.

---

Mshumaa_Kona

@Ndugu_Ratiba, Yakobo kasema ninyi kwa ninyi. Kila mtu na lake, kwa kinywa chake. Hakusema nikuungamie wewe ofisini, halafu wewe ukaniungamie mimi ukumbini na kutaja sweta. Na tangu lini ukavu wa maombi ukawa dhambi? Zaburi ya 22 imeanza na mtu anayelia kwamba Mungu amemwacha, anaita mchana hajibiwi. Huyo naye aliwekewa povu?

---

Babu_Maktaba

Mjukuu wangu, si sawa. Nimekuambia, umepata mtu wako mmoja.

Na si sawa kwa kipimo cha zamani sana. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, ambayo watawa wanaifuata mpaka leo, ina sura ya 46 iliyotenganisha vitu hivi viwili vizuri kabisa. Ukivunja chombo kazini au ukipoteza kitu cha nyumba, nenda kaseme mwenyewe mbele ya abati, yaani mkuu wa monasteri, na wenzako. Lakini jambo likiwa la ndani ya roho, mwambie abati au mzee wa kiroho peke yake, mtu anayejua kuponya majeraha yake na ya wenzake bila kuyafunua hadharani. Hata mkaidi, sura ya 23, anaonywa kwa siri mara ya kwanza, na mara ya pili kwa siri tena, ndipo akemewe mbele za watu. Wewe siri zako mbili hukupewa.

Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterani, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ukaenda mbali zaidi: padri atakayefichua aliyoyasikia kwenye kitubio avuliwe upadri na afungiwe kwenye monasteri kali atubu maisha yake yote. Hawakuwa wanatania.

---

Ndugu_Ratiba

Babu, yule si padri na sisi si watawa. Msilete mambo ya karne ya 6 hapa.

---

Babu_Maktaba

Kengele ya alfajiri, zamu za jikoni, kunyamaza usiku, kusomewa Neno kila siku: hivyo vyote mnavyo, na vyote vimo kwenye kanuni hiyo. Mmerithi ukali wote, mkaacha sura moja tu, ya kufunga mdomo.

---

Mlezi_Mstaafu

Nimelea vijana kwenye jumuiya ya namna hii miaka mingi, na uzi huu umeniuma. Mlezi akisema siri moja, amefunga milango yote. Kesho hakuna kijana atakayeingia ofisini kwake na jambo la kweli, wataingia na vikohozi.

Kuna kanuni moja nilikuwa naipenda, ya seminari ya siri ambayo mchungaji Mlutheri Dietrich Bonhoeffer aliiongoza kule Finkenwalde, Ujerumani ya wakati ule (leo ni Poland), kuanzia 1935 mpaka Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walipoifunga 1937. Hakuna kumzungumzia ndugu asiyekuwepo. Ukijikuta umeteleza, unamfuata mwenyewe unamwambia. Ni kanuni fupi, lakini jaribuni kuishika mpaka jioni muone. Na yule mkuu hakuwa wa kukaa ofisini: inasimuliwa kwamba siku moja jikoni waliomba msaada, wanafunzi wote wakabaki wamekaa, yeye akainuka bila neno, akaenda kuosha, na walipomkimbilia kwa aibu wakakuta amejifungia mlango.

---

Sufuria_Kuu

SUBIRI. Mkuu aliosha vyombo? Mwenyewe?

Kwetu kuna mtu, hamna haja niwatajie, kila zamu yake ya vyombo ikifika Roho anamwongoza kwenda kufunga. Akiwa kwenye mfungo hali, na asiyekula haoshi, ndiyo theolojia yake. Jioni zamu ikipita mfungo unaisha, sahani yake inarudi ya kwanza. Leo kaacha sufuria iliyoungua chini unene wa kidole, juu yake kaweka karatasi: "Nawaombea mnaohudumu." NAWAOMBEA MNAOHUDUMU! Nimekwangua mpaka kijiko kimepinda.

---

Kengele_Kwanza

Hahaha, huyo ni mtakatifu wa zamu za wenzake. Kwetu wapo watatu.

---

Babu_Maktaba

Sura ya 35 hiyo, ndugu yangu. Watawa wanahudumiana jikoni kwa zamu ya wiki, hakuna anayesamehewa ila mgonjwa au mwenye shughuli nzito. Anayemaliza zamu Jumamosi anafua taulo, yeye na yule anayeingia wanaosha miguu ya wenzao wote, na vyombo anavirudisha visafi na vizima.

---

Sufuria_Kuu

Vizima! Babu, naomba hiyo sura niibandike jikoni. Ya miguu nimewasamehe, waanze na masufuria.

---

Mshumaa_Kona

Jamani, tumetoka kwenye mada. Alisema LITABAKI KATI YETU NA BWANA. Alfajiri akanitaja kwa sweta. Hivi mnaelewa kwamba hilo sweta ndilo pekee la joto nililonalo, na sasa nikilivaa ni hoja ya maombi inayotembea?

---

Kitanda_Juu

Pole dada Sweta. Mimi ningechagua kuombewa kila siku kuliko haya ninayopitia. Mwenzangu wa kitanda cha chini anataka awahi kuamka kabla ya kengele apate "saa yake na Bwana." Ni jambo jema. Ila alamu anaiweka ilie kwa sauti ya juu, na yeye HAAMKI. Chumba kizima tunaamka, tunakaa gizani tunatazamana, yeye anakoroma, Bwana anamsubiri. Kengele halisi ikigongwa sisi tumechoka, tunachelewa, tunaandikwa kwenye daftari la nidhamu. Yeye anawahi, amelala vizuri, anatoa ushuhuda kwamba nidhamu ni tunda la Roho.

---

Zaburi_Fupi

Ushuhuda tena! Nimekufa mie. Sisi ukichelewa hata dakika moja unasimama mlangoni wakati wote wa ibada, wanakupita wanakutazama.

---

Babu_Maktaba

Kwa Benedikto, sura ya 43, zaburi ya kufungua sala ya usiku iliagizwa isomwe polepole, taratibu kabisa, makusudi ili wanaochelewa wapate kuwahi. Anayeingia baada ya hapo ndiye anasimama mahali pa mwisho. Na sura ya 22 inasema wakiamka waharakishane kwa upole, kwa sababu wenye usingizi hawakosi visingizio.

---

Zaburi_Fupi

Polepole! Kwetu zaburi ya kwanza inasomwa na mtu anayekimbizwa. Ukipiga chafya umekosa mistari minne.

---

Ndugu_Ratiba

Mnalea uzembe. Mwenye kuwahi kulala huwahi kuamka. Na kengele zenyewe siku hizi zinagongwa kwa huruma mno.

---

Kitanda_Juu

Huruma? Kwetu inagongwa na mtu mwenye kisasi. Na inagongwa MAPEMA, nina ushahidi wa saa ya mkononi. Tukifika ukumbini taa hazijawashwa.

---

Kengele_Kwanza

Hapo sasa mmenigusa. Mgonga kengele wa kwetu ni mimi, kama jina linavyosema. Hakuna kazi inayochukiwa kuliko hii. Nikigonga kwa wakati nimewahi, nikichelewa nimelala. Mtu aliwahi kuniombea hadharani "apewe mkono mwepesi." Saa ya mkononi mwako hainihusu, mimi nafuata ya ukumbini.

---

Mshumaa_Kona

Mkono mwepesi hadharani? Na yeye alikutaja rangi ya nguo?

---

Kengele_Kwanza

Hapana dada, mimi alinitaja jina kabisa. Turudi kwenye saa. Ya ukumbini inakimbia, nimeripoti, imekimbia tena.

---

Babu_Maktaba

Sura ya 47: kutangaza saa ya sala ni jukumu la abati mwenyewe, mchana na usiku, au amkabidhi ndugu mwangalifu.

---

Kengele_Kwanza

Basi ndugu mwangalifu ndiye anasema betri za saa hiyo hazina mwenyewe. Idara ya matengenezo wanasema saa ni ya ibada. Idara ya ibada wanasema betri ni matengenezo. Nimeiweka kwenye karatasi ya hoja za maombi.

---

Sufuria_Kuu

Ongeza na waya wa kukwangulia sufuria, kilo moja.