Seva inaganda nikinakili kwenda kwenye diski ngumu ya USB

Wakuu habari, seva yangu ya Linux nikianza tu kunakili bakapu kwenda kwenye diski ngumu ya nje inaganda yote, hata SSH (kuingia kwa mbali) haiingii mpaka niizime kwa nguvu, tatizo nini?

— Mkuu cheki dmesg (amri ya kuona ujumbe wa kerneli, yaani kiini cha Linux), ukikuta uas_eh_abort_handler basi draiva ya UAS (njia ya kasi ya kuhamisha data kwa USB) haielewani na chipu ya kasha la diski. Chukua ID ya diski kwenye lsusb (amri ya kuorodhesha vifaa vya USB), ongeza usb-storage.quirks=ID:u kwenye vigezo vya kerneli ili isitumie UAS, riboti. Spidi itashuka kidogo ila itatulia.

— Na umeme je? Poti ya USB 2.0 inatoa mA 500 tu, huenda haitoshi diski, jaribu habu yenye adapta yake.

— Daah, dmesg imejaa hiyo uas! Nimeweka :u, GB 400 zimepita freshi. Asanteni.