Naomba ushauri: hita ya gesi ndani ya kificho cha kuwindia, na safari hii nitakuwa na mwanangu

Mwinda_Novemba (Minneapolis)

Wakuu, salaam. Huu ni mwaka wangu wa tisa Minnesota, na tangu mwaka juzi mfanyakazi mwenzangu amekuwa akinifundisha kuwinda kulungu wa mkia mweupe kwenye ardhi ya familia yao, kaskazini kidogo ya Bemidji. (Najua kulungu wa kwetu ni mnyama mwingine na wenye lugha yao wangemwita huyu ayala, lakini hapa sote tumekwisha kuzoea.) Msimu wa bunduki hufunguliwa mwanzoni mwa Novemba, wakati ambapo asubuhi za huko zinaweza kufika nyuzi 10 chini ya sifuri. Sheria inaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza, kwa hiyo tunaingia kifichoni gizani, kwenye saa kumi na moja na nusu, na kukaa humo bila kujitikisa hadi saa tano.

Kificho changu ni cha kitambaa cha polista, chenye mita moja na nusu kila upande na kimo cha mita 1.7. Mwaka jana nilinunua hita ndogo ya gesi ya propani inayofungwa kwenye mtungi wa ratili moja, yaani gramu 465 hivi. Ina viwango viwili, BTU (kipimo cha joto) 4,000 na BTU 9,000 kwa saa, nami nilitumia kile cha chini. Siku ya pili ya msimu nilifunga madirisha yote, nikaacha tundu la upana wa vidole vitatu tu kwenye pembe ya dirisha moja. Baada ya saa mbili kichwa kilianza kuuma, nikadhani ni usingizi na kukosa chai. Nilipotoka kwenda haja kilipungua, na niliporudi ndani kikaanza upya.

Sikulitilia maanani jambo hilo mpaka wiki hii, nilipomwambia mke wangu kwamba mwaka huu nitakwenda na kijana wetu wa miaka 14, ambaye amemaliza kozi ya usalama wa silaha na sasa anahesabu siku. Mama mtu aliniuliza swali moja tu: "Kichwa kile kilikuwa cha nini?" Nilikosa jibu. Hita ina kihisi cha oksijeni ambacho huizima hewa ikipungua. Je, hicho hakitoshi? Kama hakitoshi, niache uwazi wa kiasi gani bila kupoteza joto lote? Au niachane na hita kabisa?

Simba_Mkavu (Fargo)

Mkuu, usijitie hofu. Nimewinda misimu mitano nikiwa na hita ya aina hiyohiyo ndani ya kibanda changu cha mbao, milango na madirisha yote yamefungwa, na sijawahi kuumwa hata kichwa. Kihisi hicho kiliwekwa kwa ajili ya watu kama sisi. Ukianza kufungua madirisha, joto litatoka, harufu yako itatoka, na kulungu atakunusa kabla hujamwona. Mvishe kijana nguo nzito, washa hita, funga zipu, mtulie.

Fundi_wa_Ziwani (Duluth)

Ndugu Simba, kwa heshima zote, ushauri huo nisingempa mtu anayekwenda na mtoto. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza hita za gesi, na kihisi hicho nimekifungua mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa hiyo acheni nieleze kinavyofanya kazi, kwa kuwa jina lake linawadanganya watu.

Hakuna kifaa cha kielektroniki kinachonusa hewa humo. Kuna mwali mdogo unaowaka muda wote na kuchoma ncha ya chuma, na ncha hiyo inapopata moto huzalisha umeme kidogo sana unaoishikilia vali ya gesi ikae wazi. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Ikishuka hadi karibu asilimia 18, mwali ule huinuka na kuiacha ncha ipoe, umeme hukatika, na vali hujifunga. Ni ubunifu mzuri na umeokoa watu. Lakini kinachopimwa hapo ni oksijeni peke yake. Kaboni monoksaidi, ambayo ndiyo inayoua, haipimwi na chochote ndani ya hita hiyo. Kigae chake kinachong'aa kwa moto kikiwa na ufa, au njia yake ya hewa ikiwa imezibwa na vumbi au utando wa buibui baada ya kukaa stoo miezi kumi na moja, gesi hiyo inaweza kutoka kwa wingi wakati oksijeni ingali juu ya asilimia 18 na kihisi hakina habari.

Sasa tupige hesabu ya kificho chako. Kina hewa ya takriban mita 4 za ujazo, ambamo mna lita 840 za oksijeni. Hita ikiwa kwenye BTU 4,000 huunguza kama gramu 84 za propani kwa saa, na kiasi hicho cha propani hakiungui bila lita 214 hivi za oksijeni. Mtu aliyekaa kimya hutumia kama lita 15 kwa saa. Maana yake ni kwamba unapowasha hita hiyo katika kiwango chake cha chini, ni kama umewakaribisha watu 14 kifichoni waje kupumua pamoja nanyi. Kama kitambaa kisingepitisha hewa hata chembe, oksijeni ingeshuka kutoka asilimia 21 hadi 18 kwa muda wa kama dakika 34. Kitambaa hupitisha kidogo, tena bila kipimo, na kikipata barafu au theluji hupitisha kidogo zaidi.

Kuhusu uwazi, miongozo ya hita za ukubwa huo hudai angalau inchi 9 za mraba, yaani sentimita 58 za mraba. Tundu lako la vidole vitatu halifiki hata nusu ya hapo. Tena hicho ni kima cha chini kwa hita iliyo safi na mpya, kwa hiyo mimi huwaambia wateja wangu wazidishe mara tatu au nne na wagawe sehemu mbili: uwazi mmoja chini, karibu na ardhi, kwa hewa inayoingia, na mwingine juu, upande wa pili, kwa hewa ya moto inayotoka. Uwazi mmoja peke yake hauivuti hewa ipasavyo. Joto halitapotea lote unavyohofia, kwa sababu hita hizi hutoa joto la mnururisho, linalopasha miguu na magoti yako moja kwa moja hata hewa inayokuzunguka ikiwa baridi.

Umesema ulitumia kiwango cha chini, na hapo ulifanya vyema. Kwenye BTU 4,000 mtungi wa ratili moja hudumu zaidi ya saa tano, na kwenye 9,000 hauzidi sana saa mbili na nusu.

Binti_wa_Kinangop (St. Paul)

Kaka, mimi ni muuguzi, na dalili ulizoeleza hazihitaji mtabiri. Kichwa kinachoanza ukiwa ndani, kikapungua ukitoka, kikarudi ukirudi, ni kaboni monoksaidi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sisi tuliolelewa Nyandarua tunaijua hadithi hii tangu utotoni. Kila baridi ya Juni na Julai husikika habari ya watu walioingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango, na asubuhi majirani wakaja kuuvunja. Tukifika huku tunaona hita inang'aa, imenunuliwa dukani, ina maandishi ya usalama, tunasahau kwamba na yenyewe ni moto ndani ya chumba. Hapa Marekani zaidi ya watu 400 hufa kila mwaka kwa gesi hii kwa bahati mbaya, bila kuhesabu waliokufa katika moto wa nyumba.

Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na ushei. Ukishapumua hewa safi, nusu yake huchukua kama saa tano kutoka mwilini. Mtu akipewa oksijeni tupu hospitalini, muda huo hupungua hadi kama saa moja na nusu. Pia msitegemee kile kipimo cha kubana kidoleni ambacho wengi mlinunua wakati wa korona. Hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba sumu hii, kwa hiyo kitakuonyesha asilimia 98 huku unazidiwa. Mgonjwa atolewe nje kwanza, ndipo mpige 911.

Nunua king'ora cha kaboni monoksaidi, lakini elewa mipaka yake. Ving'ora vya nyumbani hapa vimewekewa kiwango ambacho, gesi ikiwa sehemu 70 kwa milioni, huruhusiwa kungoja saa moja hadi nne kabla ya kulia. Vikikuta sehemu 400, lazima vilie ndani ya dakika 4 hadi 15. Kwa hiyo kitakuokoa na kifo, lakini kichwa kinaweza kuuma asubuhi nzima king'ora kikiwa kimya. Tena vingi vimekusudiwa mahali penye nyuzi 4 na kuendelea, si nyuzi 10 chini ya sifuri. Ukipata kile kilichotengenezwa kwa magari ya kambi ni bora zaidi, na kidogo kinachoonyesha namba hata ndogo ni bora kuliko vyote. Kitie ndani ya koti mnapotembea kwenda kifichoni, kisha kining'inize usawa wa vichwa vyenu.

Na mtoto afundishwe kusema. Kijana wa miaka 14 aliyesubiri siku hii mwaka mzima hatakwambia kwamba kichwa kinamuuma, kwa kuhofia utasema turudi nyumbani.

Mpanda_Milima (Colorado)

Nyongeza fupi. Kwa wanaowinda huku milimani, hita hizi zinaweza kujizima zenyewe ukipita futi 7,000, yaani mita 2,100 hivi, kwa kuwa kihisi hicho huona hewa nyepesi ya juu kama upungufu wa oksijeni. Wapo wanaokichokonoa ili kisizime. Msithubutu.

Mlinda_Dungu (Wisconsin)

Kwetu Songea tulipokuwa tukilinda mahindi dhidi ya nguruwe pori tulikaa kwenye dungu, na hiki ninachowindia hapa nakiita dungu vilevile, maana ni chumba cha mbao juu ya nguzo. Yangu ni mambo ya utendaji, ambayo nimejifunza kwa kuharibikiwa.

Kwanza ni maji. Gramu 84 za propani zinapoungua huacha karibu gramu 140 za mvuke wa maji kila saa. Mvuke huo hukimbilia vioo vya madirisha na darubini ya bunduki, na ukizima hita unaganda. Nilimpoteza dume mmoja mkubwa kwa sababu nilipoinua bunduki niliona weupe mtupu. Uwazi anaousema Fundi hupunguza balaa hilo pia.

Pili ni moto wenyewe. Polista haihitaji mwali ili iharibike, inayeyuka kwa joto tu. Fagia majani makavu, weka hita juu ya kigae au ubao mpana usioyumba, mbele yake pasiwe na kitu, na msijifunike blanketi moja magotini huku hita ikiwa chini yake. Najua wanaofanya hivyo. Mtungi ubadilishwe nje, hita ikiwa imezimwa na imepoa, kwa kuwa propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu na ikivuja hutanda sakafuni ikingoja cheche.

Wenye madungu ya juu kama langu wakumbuke ngazi. Kizunguzungu ambacho chini kingekukalisha tu, huku juu kinakuvunja shingo.

Simba_Mkavu (Fargo)

Nimesoma yote, na jana jioni nilikwenda kukitazama kibanda changu kwa macho mapya. Mbao zimejikunja kwa miaka mingi, na ukizima taa ndani unaona nyota kupitia kuta. Pale mlangoni mkono wangu unapita. Nimekuwa nikijisifu kwamba ninafunga kila kitu, kumbe kibanda kimekuwa kikinifungulia. Kijana wa ndugu yetu hatakaa katika kibanda kama hiki, kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza nauondoa. Kuhusu harufu bado nasimama nilipo, ila upepo unaweza kupangwa kwa mahali pa kuweka kificho.

Mwinda_Novemba (Minneapolis)

Wakuu, nawashukuru nyote, na Dada Binti, mke wangu amesoma maneno yako mara mbili kwa sauti. Nimeamua hivi: uwazi mbili zitashikiliwa wazi kwa pini ili upepo au usahaulifu usizifunge. Hita itawashwa kwa dakika 20 au 30 baridi ikizidi, kisha izimwe. King'ora chenye namba nimekwisha kuagiza. Nguo za sufu, themosi ya chai ya tangawizi na pakiti za kupasha mikono ndizo zitakuwa joto letu la kwanza. Kijana nimemwambia kwamba akisema kichwa kinauma, tutatoka bila swali, na asubuhi hiyo haitahesabiwa kuwa imepotea.

Nina swali la mwisho kwa Fundi. Mitungi ya ratili moja ni ghali, na jirani yangu ana kifaa cha kuijaza upya kutoka kwenye mtungi mkubwa. Je, kuna ubaya?

Fundi_wa_Ziwani (Duluth)

Upo. Mitungi ile ya kutupwa haikutengenezwa kujazwa mara ya pili, vali yake huanza kuvuja, na kuisafirisha ikiwa imejazwa upya ni kosa chini ya sheria za shirikisho. Ipo mitungi ya ratili moja iliyotengenezwa mahususi kwa kujazwa, nunua hiyo. Ukitaka kutumia mtungi mkubwa, ukae nje ya kificho, na mpira wake uwe na kichujio, kwa sababu mafuta yanayotoka ndani ya mpira huziba hita taratibu.

Na usiisubiri siku ya kwanza ya msimu. Jioni moja wiki hii itoe hita stoo, ipulize vumbi, kisha iwashe uani, si gereji, kwa saa nzima. Kigae kiwe chekundu pote bila madoa meusi, na mwali mdogo uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano, niletee kabla ya Novemba.