Injini imebadilishwa, plagi hazitoi moto: ninunue distribyuta, kompyuta, au nihamie koili za kila plagi?

Safari_Bado
Wakuu, habari za kazi. Gari langu limebadilishiwa injini, na tangu ilipofungwa stata inazungusha kwa nguvu na petroli inafika, lakini plagi hazitoi moto hata kidogo. Nimepewa njia tatu na ninatakiwa kuamua kabla ya mwisho wa wiki: kununua distribyuta (kifaa kinachogawa moto kwa plagi) nyingine iliyotumika, kununua kompyuta ya injini pamoja na wayaringi ya gari ilikotoka injini hii, au kuachana na distribyuta na kufunga koili (kifaa kinachokuza umeme wa cheche) ya kila plagi, ziendeshwe na kompyuta ya kujitegemea, yaani isiyo ya kiwanda cha gari. Ipi itanitoa hapa bila kunirudisha tena gereji?

Fundi_Waya
Ndugu mleta mada, umetuletea bei za dawa bila kutuambia mgonjwa anaumwa wapi. Je, injini ya zamani na hii ni za namba moja ya modeli? Kompyuta iliyopo ni ya gari au ilikuja na injini? Ukifungua swichi (ufunguo kwenye ON, bila stata), taa ya injini kwenye dashibodi inawaka? Mshale wa mizunguko unacheza wakati stata inazungusha? Gari lina imobilaiza, ile kinga ya wizi inayozuia injini kuwaka? Bila majibu hayo, kila atakayekuchagulia njia atakuwa anabahatisha kwa fedha yako.

Koili_Nne
Mimi sioni haja ya maswali mengi. Distribyuta ina rota inayolika, kifuniko kinachopata ufa na kuingiza unyevu, na nyaya ndefu za plagi zinazovujisha moto. Ukifunga koili ya kila plagi, vyote hivyo vinaondoka kwa mkupuo mmoja.

Fundi_Waya
Vinaondoka, lakini kompyuta ya kujitegemea nayo haitawasha koili hata moja mpaka ipate ishara ya sensa inayosoma mzunguko wa krenki, iwe na ethi safi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri), na ipate umeme usiokatika. Ikiwa kilichokosekana ni kimojawapo cha hivyo, atakuwa amehamishia tatizo lile lile kwenye mfumo wa gharama kubwa zaidi.

Mama_Gereji
Niongeze jambo nililolishuhudia. Ndugu yangu alifungiwa injini iliyotoka kwenye gari la otomatiki, ilhali lake lilikuwa la giaboksi ya mkono. Gereji ikatafuta flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki) ya toleo jingine ambalo matundu yake ya bolti yalilingana, ikafunga, na plagi zikakosa moto. Ikabadilishwa koili, ikabadilishwa sensa ya krenki, ikabadilishwa kompyuta, na kila kifaa kilipofungwa tuliambiwa kwamba hicho ndicho kilichokuwa kibovu. Mwishowe fundi mmoja wa umeme aliunganisha skana (kifaa cha kusoma taarifa za kompyuta), akaomba stata izungushwe, akaona mizunguko inasoma sifuri muda wote, wakati injini inayozungushwa na stata iliyo nzima ingesoma walau mia moja na kitu kwa dakika. Akachomoa sensa, akamulika tochi ndani ya tundu lake, huku msaidizi akizungusha injini polepole kwa spana kwenye bolti ya puli. Ukingo uliopita mbele ya tundu ulikuwa laini, hauna meno ya kusomwa, kwa sababu toleo ilikotoka flaiwili ile husoma mizunguko kwenye puli ya mbele. Vifaa vyote vilivyotupwa vilikuwa vizima, na gereji ile haikurudisha hata senti.

Bisibisi
Kisa kinafundisha, ila mleta mada ana distribyuta, na injini za namna hiyo mara nyingi husoma mizunguko ndani ya distribyuta yenyewe. Flaiwili haimhusu.

Mama_Gereji
Mara nyingi, si mara zote. Ziko ambazo distribyuta inagawa moto tu, na sensa ya krenki imekaa chini karibu na puli. Aangalie kwanza.

Safari_Bado
Nashukuru, nawajibu. Namba ya modeli ya injini ni moja, ila hii ni ya toleo la baadaye kidogo. Kompyuta ni ya gari. Taa ya injini inawaka, mshale wa mizunguko hauchezi, na imobilaiza haipo. Jambo jingine: distribyuta ya zamani ilikuwa na soketi moja, hii ina mbili, kwa hiyo fundi alikata soketi na kuunga nyaya kwa kufuata rangi.

Fundi_Waya
Hilo la soketi lilistahili kuwa sentensi yako ya kwanza. Rangi za nyaya hazifanani kati ya matoleo, na soketi mbili zinaweza kumaanisha kwamba koili na ignita (kifaa chenye transista kinachokata na kurudisha umeme wa koili) vimehamia mahali pengine. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, kwa mfano, kompyuta hutuma ishara iitwayo IGT kwa ignita, nayo ignita hurudisha IGF; ukigeuza waya mmoja tu, kila kifaa kinabaki kizima na moto haupatikani. Kwa hiyo iko njia ya nne ambayo haikutajwa: rudisha distribyuta ya zamani kwenye injini hii, mradi kiungo chake cha ndani kinaingia sawasawa, kwa sababu hiyo ndiyo inayojulikana na kompyuta uliyonayo.

Kabla ya hapo, pima mambo mawili. Weka mita kati ya chanya ya koili na ethi: isome karibu na volti 12 swichi ikiwa wazi, na umeme usipotee wakati wa kuzungusha stata. Ukiwa umeungwa kwenye laini ya redio, utakatika pale pale stata inapoanza. Kisha weka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye silinda hedi, zungusha stata. Ikipita nusu volti, waya wa ethi wa injini haukurudishwa au umefungwa juu ya rangi badala ya chuma tupu.

Bisibisi
Au achomoe waya wa plagi, ausogeze karibu na bloku, aone cheche.

Koili_Nne
Usimshauri hivyo. Ule ni umeme wa maelfu ya volti, na cheche ikikosa pa kurukia inaweza kuua ignita. Kipo kifaa cha kupimia moto chenye kibanio cha ethi.

Bisibisi
Tumepima hivyo tangu enzi za platini, ile swichi ya zamani ndani ya distribyuta, na magari yakawaka.

Fundi_Waya
Platini haikuwa na transista ya kuungua.

Safari_Bado
Nimepima swichi ikiwa wazi: 12.3. Wakati wa stata bado, nasubiri mtu wa kushika funguo. Muuzaji wa distribyuta iliyotumika amenipigia simu mara mbili, anasema ipo ya soketi moja.

Mama_Gereji
Usimlipe. Piga picha ya waya wa chanya ya koili, utuoneshe umeungwa wapi.