Je, mtunzi ajiruhusu kuvunja masharti aliyojiwekea mwenyewe?

Mwalimu wa Jinja:
Ndugu watunzi, ninaomba ushauri wenu. Ninatunga tarbia, yaani shairi lenye mishororo minne katika kila ubeti, kuhusu maporomoko ya Ripon ya mto Naili, yale yaliyofunikwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls kukamilika mwaka 1954, nayo itaghaniwa na wanafunzi wangu wa Kiswahili. Kabla ya kuanza nilijiwekea masharti: kila mshororo uwe na mizani (silabi) 16, vina (silabi zinazofanana) vya ubeti wa kwanza viendelee hadi mwisho wa shairi, na nisiguse ubeti unaofuata kabla ya kuukamilisha ulio mbele yangu. Mshororo wa kwanza ulikuja bila taabu: "Naili watoka Jinja, waelekea Misiri." Sasa nimekwama katika ubeti wa pili, kwa kuwa maneno yenye kina cha "nja" yameniishia, na yaliyobaki, kama chinja na ujanja, hayana nafasi katika habari ya mto. Ninachohofia ni kwamba nikilegeza sharti moja, mengine yatafuata, nami nitabaki na maneno yasiyo na umbo.

Mtunzi wa Mbale:
Shikamoo, Mwalimu. Tenganisha kwanza masharti ya bahari, yaani ya aina ya shairi, na masharti yako. Vina na mizani ni vya tarbia, lakini hakuna aliyekulazimisha kutunga mtiririko, yaani shairi lenye vina vile vile tangu mwanzo hadi mwisho. Mapokeo yanaukubali ukaraguni, ambamo vina hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti, na shairi la namna hiyo haliitwi guni, yaani shairi lenye kasoro ya vina au mizani. Umejibana kuliko mapokeo yenyewe yanavyombana mtunzi. Tena mapokeo hayo yana ruhusa zake, kama vile inkisari ya kufupisha neno na mazida ya kulirefusha. "Misiri" uliyoiandika badala ya Misri tayari imetumia ruhusa hiyo, na hukuona kwamba umbo limeharibika. Sharti ninaloliona baya zaidi ni la kutovuka ubeti. Hilo halimsaidii msomaji hata kidogo, kwa sababu msomaji hatajua kamwe ni ubeti upi uliotangulia kuandikwa.

Msomaji wa Gulu:
Mimi ningekwenda mbali zaidi. Okot p'Bitek, mzaliwa wa hapa Gulu, alimtungia mhusika wake Lawino wimbo wa Kiacholi wenye vina, na alipouchapisha kwa Kiingereza mwaka 1966 aliviacha vina hivyo, lakini hasira na fahari ya mwanamke yule havikupungua. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe katika ziwa Viktoria, lile linalotoa mto wako, alichapisha diwani ya Kichomi mwaka 1974 bila kufuata vina na mizani, na mabishano yaliyozuka yalikuwa makali. Kwa nini usiandike maporomoko hayo kwa mistari huru, angalau ili ujue unachotaka kusema?

Mtunzi wa Mbale:
Ndugu wa Gulu, kwa rasimu ninakubaliana nawe kabisa. Kwa shairi litakaloghaniwa na watoto, hapana: mizani ndiyo itakayowasaidia kulikariri, kwa hiyo sharti hilo lina kazi na libaki. Mwalimu, kila sharti liulize linamsaidia nani, na lisilo na jibu liache bila kujilaumu.

Mwalimu wa Jinja:
Ninawashukuru nyote kwa dhati. Niliandika kwanza kwa mistari huru, kama alivyoshauri ndugu wa Gulu, nikagundua kwamba nilichotaka kukisema hakikuwa safari ya mto bali mwamba ulio chini ya maji. Kisha nikabadili vina na kuanza ubeti wa tatu:

Maporomoko yazama, maji yamenyamazishwa,
Mwamba uliosimama, kwa bwawa umezamishwa.

Mizani sijaiacha. Ubeti wa pili bado una mishororo miwili tu, nami nimeuacha wazi hivyo hivyo. Nitakapomaliza wa tatu nitaendelea na wa nne.