Naomba ushauri: makanisa saba ya Ufunuo kwa siku tano, na mama ana magoti

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mwezi wa kumi nampeleka mama Uturuki. Ana miaka 68, magoti yanamsumbua, lakini ameshika Ufunuo sura ya 2 na 3 anataka kuona miji ya makanisa yote saba yaliyotajwa humo. Wakala niliyemuuliza alinipa Efeso na Istanbul tu, mama akakataa katakata.

Nimepanga ramani mwenyewe. Efeso iko karibu na Selçuk, kama kilomita 80 kusini mwa Izmir, ambayo ndiyo Smirna yenyewe. Nimesoma kwamba ukiingia lango la juu unateremka tu mpaka maktaba ya Celsus, hapo nimepumua. Pergamo kuna gari la kamba hadi kilimani. Tatizo ni Laodikia, huko Denizli, zaidi ya kilomita 200 kutoka Izmir.

Mliokwenda na wazee: tulale Izmir siku zote, au usiku mmoja au miwili tuhamie Denizli? Na je, Thiatira na Filadelfia, ambako naona zimebaki nguzo chache katikati ya mji, niziruke ili tupate Hierapoli, mji wa kale jirani na Laodikia? (Mama hajui kama nawaza hivyo.)