Chaguo la nane drafti ya NFL, kwotabeki (mrusha mpira) MWINGINE! Huyu bwana wetu wa Atlanta ana ugomvi gani na ulinzi???

Kipanga wa Clarkston (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Naandika nikiwa jikoni, maana sebuleni sipaingii tena leo. Kuna mtu anacheka huko.

Huyu bwana mnamjua. Simtaji, nikimtaja wasimamizi watanifungia na bado nina mengi ya kusema. Ni yule yule wa Flowery Branch, kambini kwetu, mwenye neno la mwisho kwenye kuchagua wachezaji.

Sikilizeni. Drafti ya mwaka huu, 2024, pale timu za ligi ya mpira wa Kimarekani zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, sisi Atlanta Falcons ni wa nane. Wametangulia saba, na wote saba wamechukua watu wa kushambulia: kwotabeki watatu, wadakaji wawili, na mijitu miwili ya kumkinga kwotabeki. Maana yake nini? Maana yake kila kijana wa chuo anayejua kukaba, Marekani nzima, alikuwa bado amekaa kwenye kiti anasubiri simu YETU. Dallas Turner wa Alabama yupo. Laiatu Latu wa UCLA yupo. Jared Verse wa Florida State yupo. Ungefumba macho ukanyoosha kidole, ungemgusa mlinzi!

Mimi nimeshasimama. Nimeshamwambia shemeji yangu, shabiki wa New Orleans (Mungu amsamehe), "leo utaliona jitu tunalolichukua." Kamishna katoka na kikaratasi chake. Kasoma: Atlanta wamemchagua Michael Penix.

KWOTABEKI.

Shemeji hakucheka kwanza. Angecheka ningepata nafuu. Aliweka mfupa wa kuku kwenye sahani, akafuta vidole kimoja kimoja na tishu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Shemeji, sasa huyu atamkaba nani?"

Atamkaba nani, wakuu!

Mwezi uliopita tu bwana huyu huyu amempa kwotabeki Kirk Cousins mkataba wa miaka minne, dola milioni 180, na 100 kati ya hizo ni za uhakika. Wino haujakauka. Nyumba haina mlango, wezi wanaingia na kutoka wanavyotaka, wewe unaenda kununua televisheni ya pili?

Na si leo tu. 2021 Pitts. 2022 London. 2023 Bijan. Leo huyu. Miaka minne raundi ya kwanza hatujagusa mtu wa kukaba, wa mwisho ni Terrell 2020. Mchezaji wetu wa mwisho kumwangusha kwotabeki mara 10 au zaidi kwa msimu ni Vic Beasley, mwaka 2016! Msimu wa 2021 timu NZIMA iliangusha kwotabeki mara 18. Mechi kumi na saba, ndugu zangu. Kwotabeki akija kucheza na sisi anaupokea mpira, anasalimia ukoo mzima, anauliza habari za shamba na mifugo, anajibiwa, ndipo anarusha.

Kocha mpya nae tumemtoa timu ya Rams, alikuwa anaongoza ulinzi kule. Mtu wa ulinzi! Anafundisha nini sasa, hewa?

Kijana mwenyewe sina neno nae. Mkono wake wa kushoto ni mtamu. Lakini vidole kimoja kimoja, wakuu. Na tishu. "Huyu atamkaba nani?" Sina jibu mpaka sasa.

Mkale wa Minnesota

Pole sana bro lakini nimecheka mpaka mtoto ameamka. Cousins tulikaa naye miaka sita, tunajua kila kitu chake. Mmempa pesa yote hiyo na Oktoba tu alikatika mshipa wa kisigino, ana miaka 35. Sasa mmeona mumtafutie mrithi kabla hajavaa hata jezi. Sisi tunasema asanteni.

BabaKulwa

Mwanzisha uzi, mbona mwezi wa tatu ulifungua uzi humu humu unamsifia huyo huyo bwana? "Hatimaye tumepata kiongozi mwenye akili." Nimeutafuta, upo. Kurasa nne.

Kipanga wa Clarkston

BabaKulwa ule uzi hauhusiani na huu. Tuongee ya leo.

Mzee wa Irving

Afadhali yako unayejua utakosa ulinzi. Sisi Dallas tulijiita tuna ulinzi mkali, Januari wakaja Green Bay nyumbani KWETU wakatupiga 48 kwa 32. Arobaini na nane! Mtu nimelipa kiti, nimelipa maegesho, nimemleta na mke wangu aone. Mpaka leo akinipikia ananiuliza kama nataka "48" au nataka chapati. Usinipigie kelele na Penix wako.

Kipanga wa Clarkston

Mzee nakuheshimu, lakini anzisha uzi wako.

Mzee wa Irving

Halafu aliyekuwa anauongoza huo ulinzi ni Dan Quinn, kocha wenu wa zamani, mliyetuletea NYINYI. Mnamkumbuka? Wa 28 kwa 3.

Mkale wa Minnesota

Wueh. Ameisema.

Bahari_Beach

28 kwa 3 ni nini? Niko Dar, saa kumi na moja hii, nimeamka kusoma tu.

Mzee wa Irving

Februari 2017, fainali. Hawa Atlanta wakiongoza 28 kwa 3, robo ya tatu. Wakafungwa 34 kwa 28 baada ya muda wa nyongeza. Ukikutana na shabiki wao mtajie hizo namba, atashuka kwenye basi kituo ambacho si chake.

Kipanga wa Clarkston

Ya 2017 yameingiaje hapa??? Mimi naongelea LEO. Walinzi wote walikuwepo. WOTE.

Da Zuhura

Na mimi nimeudhika kama wewe kaka, ila tuseme ukweli. Latu ana historia ya shingo. Alipokuwa chuo cha Washington madaktari walimwambia mpira basi, akakaa pembeni, ndipo akahamia UCLA akafufuka. Si kila timu itamgusa kwenye nane. Ungesema Turner ningekuelewa.

Kipanga wa Clarkston

Dada, na Penix je? Goti limechanika mara mbili akiwa Indiana, mabega nayo yameshaumia. Mwezi ujao anatimiza miaka 24. Cousins akicheza mkataba wake wote, kijana ataanza kucheza ana wajukuu!

Da Zuhura

Hapo sina la kusema.

Shemeji Mwenyewe

Wana jukwaa habari za usiku. Mimi ndiye shemeji. Nipo sebuleni, yeye kajifungia jikoni. Nathibitisha yote aliyoandika isipokuwa moja: sikumuuliza kwa upole kwa kusudi, mdomo ulikuwa umejaa. Pia mabawa hayakuwa na chumvi.

BabaKulwa

😂😂😂 Uzi umepata shahidi.

Kipanga wa Clarkston

Shemeji toka humu.

Shemeji Mwenyewe

Nimetoka kwako au kwenye uzi?

Mkale wa Minnesota

Habari mpya. Chaguo la 15, Indianapolis wamemchukua Latu. Ndiye mtu wa kwanza wa ulinzi usiku wote. Kumi na nne waliotangulia wote washambuliaji, haijawahi kutokea tangu drafti ianze. Kwa hiyo si bwana wenu peke yake aliyeogopa walinzi, usijione maalum.

Kipanga wa Clarkston

Hao wengine hawajanunua Cousins!

Mkale wa Minnesota

Ngoja. Ngoja ngoja. 17. TUMEPANDA FOLENI TUMEMCHUKUA TURNER. Dallas Turner wa Alabama ni mtu wa Minnesota! McCarthy kwenye 10, Turner kwenye 17! Kwotabeki NA mlinzi, usiku mmoja! Kumbe inawezekana!

Kipanga wa Clarkston

Sijaona hii.

Shemeji Mwenyewe

Ameona. Nimesikia sufuria.

Msimbazi Damu

Huo mpira wa kushika mikononi siujui, ila nyie mnalia kwa mtu mmoja? Mimi timu yangu ukuta wake ni pazia. Novemba tulipigwa tano na Yanga. Jumamosi iliyopita tena mbili kwa moja, na Yanga hao hao. Usajili kila msimu tunaambiwa beki anakuja, beki anakuja, anashuka uwanja wa ndege na maua shingoni, mwezi wa pili unamuona jukwaani amekaa na mashabiki. Mtu wa kulia humu ni mimi.

Mwana wa Jangwani

Andika vizuri ndugu. Tano MOJA. Ile moja yenu msiitupe.

Bahari_Beach

Nisikilizeni mimi wa Chelsea jamani. Juzi Jumanne, Emirates, tano bila. Sisi hata hiyo moja ya kujifutia hatuna. Nilivaa jezi kazini asubuhi ya Jumatano kwa sababu nguo nyingine zilikuwa zimelowa, mlinzi wa getini akagoma kunifungulia, anasema ametumwa amzuie Havertz.

Msimbazi Damu

Kufungwa na Arsenal wakiwa wanafukuzia ubingwa ni tofauti. Wewe jirani yako ni Mwingereza? Mimi jirani yangu ni Yanga. Kila asubuhi nakutana nae bombani.

Kipanga wa Clarkston

Wakuu, turudi Atlanta. Kesho raundi ya pili. Mnadhani atachukua mtu wa katikati au wa pembeni?

Msimbazi Damu

Atlanta wapo kundi gani?

Da Zuhura

Kesho ni saa moja usiku huku, kaka. Huko nyumbani ni saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi.

Bahari_Beach

Asante dada. Msimbazi, beki wenu wa kati wa Jumamosi mimi nilimuonea huruma kabisa, aligeuka mara mbili akadhani yuko peke yake.

Msimbazi Damu

Usimguse beki wangu. Tatizo ni kiungo, hakuna anayerudi kumsaidia.

Mwana wa Jangwani

Tano moja. Narudia kwa waliochelewa kuingia kwenye uzi: tano moja.