Mrejesho: Spana ya nati ya mifereji minne imekubali

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza namna ya kufungua nati ya mifereji minne inayoshika chujio la oili linalozunguka, upande wa klachi, kwenye bodaboda yangu ya CC 125. Fundi mmoja alishaigonga kwa patasi, kingo zikaanza kuliwa.

Nilianza kwa kuchonga spana ya meno manne, ya kuingia kwenye mifereji hiyo, kutoka kipande cha bomba la maji. Meno yakakunjika kama bati. Chuma chake ni laini mno. Ndipo nikafuata ushauri wa kaka aliyenijibu kwamba nichonge soketi kuukuu (kile kichwa cha spana cha kufungulia nati). Nilipata ya kipenyo sawa na nati kwenye vyuma chakavu pale Mwanjelwa, Mbeya. Nikapaka wino uso wa nati, nikaikandamizia soketi juu yake: sehemu nne zisizoshika wino ndizo za kuacha kama meno. Zilizobaki nikazikata kwa grenda, kidogo kidogo, nikichovya kwenye maji kila mara. Hili msilipuuze kabisa, chuma kikigeuka bluu ujue ugumu umeondoka. Nikamalizia kwa tupa hadi ikakaa bila kucheza.

Injini isizunguke, nilibana kipande cha shaba kati ya gia ya kranki na ya klachi. Nati ikalia “kwa!” ikaachia.

Ndani ya chujio tope jeusi lilikuwa limeganda kama lami. Nimelisafisha lote, na jana nimepanda Mlima Nyoka na abiria, injini imetulia kabisa.

Ndaga fijo (asante sana), kaka wa soketi. Aliye Uyole au Mbalizi akikwama na nati hiyo aje, spana ipo.